Adabu ya Uzi

Asubuhi ya mbio, kabla mtu yeyote hajaligusa gari, Elema Galgalo alimpa mgongo fundi wake mkuu na kutia kitu mdomoni.

"Haya, Fundi," alisema, shavu limemtuna. "Nina nini?"

Mghoi naye alikuwa amempa mgongo. Alisimama upande wa pili wa hema, uso wake ukielekea Chalbi, jangwa jeupe la chumvi lililonyooka mpaka macho yakachoka kulifuata. Akafumba macho. Nyuma ya shingo yake, chini kidogo ya mstari wa nywele, uzi ulikuwa umeanza kupata joto.

Kwanza ilikuja ladha ya samli. Kisha uchungu. Kisha kitu kigumu kikapasuka kati ya magego ambayo hayakuwa yake.

"Buni," alisema. "Imekaangwa kwa samli. Na umetia sukari, ingawa daktari alikukataza."

"Sukari kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Otsieno, mzee wa matairi, alikuwa amechuchumaa akipima upepo wa gurudumu la akiba. Alicheka bila kuinua kichwa. "Mimi na mke wangu tumezeeka pamoja na mpaka leo hajui nimekula nini huko nje," alisema. "Namshukuru Mungu kwa hilo."

Ndivyo timu zote zilivyoianza siku, kwa kuonja. Uzi wenyewe haukuwa kitu cha kutisha. Ulikuwa utepe mwembamba wa jeli na shaba, wa urefu wa kidole, unaobandikwa juu ya uti wa mgongo wa dereva, na mwenzake juu ya uti wa mgongo wa fundi mkuu. Ule wa dereva ulisoma kila kilichopita katika mishipa yake ya fahamu. Ule wa fundi ulikiandika upya katika mishipa ya fundi. Kwa hiyo dereva hakuhitaji kueleza kwamba gari linateleza nyuma. Fundi alilisikia kiunoni, pale pale, akiwa ameketi mezani kwake ndani ya hema, na kwa vidole vyake akalegeza springi au akahamisha nguvu ya betri kutoka gurudumu moja hadi jingine. Gari likabadilika likiwa mwendoni, na dereva akaendelea tu kuangalia mbele.

Hayo Mghoi alijifunza chuoni. Adabu alifundishwa na Elema, siku yao ya kwanza kazini.

"Utasikia mengi humo ndani," Elema alimwambia. "Magoti yangu. Njaa yangu. Siku nikiogopa, utajua. Cha gari tutakisema. Cha mwili wangu, mpaka nikiseme mwenyewe, hukukisikia."

Hakuna dereva wala fundi aliyeivunja adabu hiyo. Bila hiyo, nani angemruhusu mtu mwingine aingie mgongoni mwake? Mghoi aliipenda tangu mwanzo. Yeye alikuwa msichana wa Wundanyi aliyejificha nyuma ya mlango wageni wakija, na hata sasa, akiwa fundi mkuu mwenye watu wa kuwaamuru, alifurahi kufanya kazi ambayo maneno hayakuhitajika. Kwa miaka sita yeye na Elema walikuwa wameshinda mbio nyingi huku redio ikiwa kimya kabisa.

Lakini tangu mbio za Lodwar kulikuwa na kitu ndani ya uzi ambacho Mghoi alitamani asingekisikia.

Kilianza na kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kilizimika, kikarudi. Kisha cha pete nacho. Kila fundi alilijua jina lake: ganzi ya uzi. Mishipa iliyosomwa miaka mingi huchoka, na ikichoka sana haiponi. Dereva akipatikana nayo, leseni yake huchukuliwa, milele. Haikuwa sheria ya uonevu. Mtu akipoteza mkono kwenye kona, katika mwendo ule, hakuna kinachobaki cha kuzika vizuri.

Elema hakusema kitu. Na kila ganzi ilipokuja, Mghoi alisikia bega la kulia la Elema likikaza, likibeba kazi ya usukani peke yake.

Anaficha, alijiambia. Anaendesha kwa mkono mmoja, na anaficha.

*

Mbio zilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza kilitoka Kalacha, kikazunguka chumvi tupu, kikarudi Kalacha. Cha pili kilipanda kwenye mawe meusi ya milima ya Huri, mawe ya volkano yenye makali kama chupa iliyovunjika, na kurudi tena hapo hapo kwenye bendera.

Kipande cha kwanza kilikwenda kama walivyopenda. Mghoi aliketi mezani, mikono juu ya vitufe, na Chalbi yote ikapita chini ya makalio yake. Alisikia chumvi ngumu ikilia kwenye matairi. Alisikia upepo wa ubavuni kabla haujalisukuma gari, akakaza springi za kushoto, na furaha ya Elema ikamjia tumboni, nyepesi, kama mtu aliyeruka ngazi ya mwisho. Walikuwa mbele ya wote. Gari jekundu la Kisumu lilikuwa nyuma yao, doa la vumbi tu.

Kisha mkono wa kushoto ukazimika. Safari hii si vidole viwili. Ukazimika mpaka kwenye kifundo.

Gari likayumba. Bega la kulia likakaza kwa nguvu kiasi kwamba Mghoi aliuma meno.

"Chumvi laini hapa," Elema alisema kwenye redio, sauti yake imetulia. Redio ilisikilizwa na waamuzi wote.

Haikuwa chumvi laini. Mghoi aliijua chumvi ile kama sakafu ya jikoni kwao. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kushika kisu, kile kitufe chekundu kilichokata mota ya gari, ambacho fundi mkuu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukigusa. Akikibonyeza, ingebidi aeleze sababu. Akieleza, Elema hangekaa tena nyuma ya usukani.

Hakukibonyeza. Kwenye chumvi kulikuwa na nafasi. Gari likiserereka, litaserereka mpaka lisimame. Kwenye mawe hakukuwa na nafasi hiyo.

Muda wa kumkabili Elema ulikuwa ule wa kubadilisha matairi tu, basi.

*

Gari lilipoingia, Otsieno na vijana wake walilipiga jeki kabla vumbi halijatua. Elema alitoka, akanywa maji, akamwaga mengine kichwani. Alikuwa anatabasamu.

"Kaka," Mghoi alisema. "Zima redio. Njoo huku nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Njoo."

Walisimama nyuma ya hema, palipopangwa matairi ya akiba. Mghoi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Lodwar, lakini sasa hakuona hata moja.

"Navunja adabu," alisema.

Tabasamu la Elema likaondoka. "Usiivunje, Mghoi."

"Mkono wako wa kushoto. Ulianza na kidole kidogo. Leo umefika kwenye kifundo. Nimesikia kila mara, na kila mara nimenyamaza, na siwezi kukuacha upande mawe ya Huri hivyo. Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa hai."

Elema alimtazama. Mghoi alijitayarisha kwa hasira, au kwa uongo, au kwa ule ukimya wake wa kugeuka na kwenda. Badala yake, uso wa yule mwanamume ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua.

"Mkono wangu?" alisema.

"Usinidanganye. Hata bega la kulia nalisikia unavyolikaza."

"Bega nalikaza kwa sababu yako wewe." Alivua glavu ya kushoto, akafumba na kufumbua vidole mbele ya macho yake. "Mkono wangu hauna kitu. Ganzi ni yako. Nimeisikia tangu Lodwar. Nilinyamaza kwa sababu ni yako, na hukuwa umeisema."

"Uzi hauendi upande huo. Unatoka kwa dereva kuja kwa fundi, basi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Waliokufundisha hawakusukutua maji ya chumvi siku nzima kwa ajili ya jino lako."

Mghoi alilikumbuka jino lile. Mwaka uliopita gego lilimsumbua, na Elema akazunguka kambini ameshika shavu, akilalamika kwamba kuna mtu anakula peremende nyingi kuliko umri wake. Timu nzima ilicheka. Mghoi pia alicheka, akidhani anataniwa.

"Nilikuwa nasikia maumivu kweli," Elema alisema, kwa upole kidogo.

Mghoi alipeleka mkono nyuma ya shingo na kubandua uzi wake. Elema akabandua wake, kila mmoja akabaki na mwili wake. Kisha Mghoi akamwita Otsieno amletee chai, ile ya moto kwenye chupa ya chai, na kikombe cha bati.

"Chai saa hizi?" Otsieno aliuliza. "Mnaoana?"

"Lete tu, mzee wangu."

Elema alikishika kikombe kwanza, kwa mkono wa kushoto, na hapo hapo akakihamisha kulia akipuliza vidole. Mghoi akakipokea kwa wake wa kushoto. Akangoja. Joto lilifika kwenye kidole gumba, likafika kwenye cha shahada, likafika nusu ya kile cha kati, na hapo likaisha. Kiganja kilikuwa kimerudi tangu kule kwenye chumvi, lakini vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekigusa kikombe kama vinavyogusa ukuta wa nyumba ya jirani.

Kumbe ilikuwa hivyo. Jioni, baada ya kubandua uzi, kila fundi hubaki na mabaki ya dereva wake. Hulala na magoti ya mtu mwingine, huamka na njaa isiyo yake. Ganzi ilipobaki mkononi mwake usiku kucha, Mghoi alidhani ni mabaki. Hakuwahi hata mara moja kujiuliza.

Kilichomjia kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa nafuu, nafuu kubwa, na hii ilikuwa yake mwenyewe. Elema hangekufa. Hakuwa mgonjwa. Huzuni ilikuja nyuma yake, polepole, ikaketi.

"Sikiliza," Elema alisema, akishusha sauti. "Tunaojua ni sisi wawili. Nimeendesha na ganzi yako tangu Lodwar na sijagonga kitu. Rudisha uzi, tumalize kipande kimoja, kisha uende hospitali kimyakimya. Ukiwaambia waamuzi, hutavaa uzi tena. Umesoma miaka yote ile uje kufanya nini? Kuhesabu nati na Otsieno?"

"Otsieno ni mtu mzuri."

"Sisemi si mzuri."

"Kwenye chumvi uliyumba, kaka."

"Kidogo."

"Kidogo cha nani?"

Elema alivaa tena glavu. Upande wa mbele wa hema nati zilikuwa zinakazwa, moja baada ya nyingine.

"Ni bega langu," alisema mwishowe. "Nikitaka kulibebesha, ni juu yangu."

"Na huu ni mkono wangu." Mghoi alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka imenyooka. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Cha mwili wa mtu ni chake mpaka akiseme mwenyewe. Basi mimi nakisema."

*

Mwamuzi mkuu, Bi Nyaboke, aliketi chini ya mwavuli karibu na mstari wa kuanzia, masikio yake yote mawili yamezibwa na redio. Alichomoa ya sikio moja.

"Gari la Galgalo litakimbia kipande cha pili bila uzi," Mghoi alisema.

"Bila uzi? Kwenye mawe?"

"Sheria inamtaka dereva awe na fundi mwenye kisu. Haimlazimishi kuvaa uzi."

"Sheria naijua, binti yangu. Nauliza sababu."

"Ganzi. Yangu mimi. Dereva ni mzima, nimempima."

Bi Nyaboke alimtazama juu ya miwani. "Nikiiandika haifutiki. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Na uandike jingine, Bi. Uzi unavuja. Unarudi kwa dereva. Kila mmoja wetu alidhani ganzi ni ya mwenzake, tukanyamaza wote wawili kwa heshima. Sidhani ni sisi peke yetu."

Kalamu ya mwamuzi ilisimama. Mita chache pembeni, fundi mkuu wa gari jekundu alikuwa ameacha kuzungumza na vijana wake. Alikuwa anajikandakanda kidole gumba cha kulia, taratibu, huku akimtazama dereva wake aliyeketi kwenye kivuli akinywa maji. Na dereva alikuwa anamtazama yeye.

Mghoi aliwaacha na hayo macho yao, akarudi mezani.

*

Kukaa mezani bila uzi kulikuwa kama kukaa jikoni usiku wa umeme kukatika. Kila kitu kilikuwa mahali pake na hakuna kilichoonekana. Gari liliondoka, yeye akabaki amekaa kwenye kiti cha plastiki, kiti tu.

"Niambie," alisema kwenye redio.

"Nikuambie nini?"

"Kila kitu. Nyuma inafanyaje?"

Elema alikohoa. Kisha, kwa shaka: "Inafanya kama mbuzi asiyetaka kuingia zizini."

"Anavuta kulia au kushoto, huyo mbuzi?"

"Anakaa chini."

Mghoi alilegeza springi za nyuma na kusukuma nguvu mbele kidogo. "Sasa?"

"Sasa anatembea. Ananung'unika, lakini anatembea."

Walikwenda hivyo. Ilikuwa kazi ngumu, ya polepole, na Elema hakuwa na maneno ya kutosha. Mawe makubwa aliyaita vichwa, madogo akayaita karanga. Mghoi alijifunza karanga zinavyosikika kwenye tumbo la gari kupitia redio, akaanza kujibu kabla hajaambiwa. Mara mbili walikosea. Gari jekundu liliwapita penye mteremko. Elema alilitaja kwa sauti ya mtu anayetaja mvua. Nalo halikuwa na uzi, Bi Nyaboke alitangaza baadaye kidogo, kwa ombi la timu yenyewe.

Kisha redio ikanyamaza. Mghoi alisikia pumzi tu, fupi, juu juu.

Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kisu. "Elema. Sema."

Pumzi.

"Sema chochote."

"Naogopa," Elema alisema.

Kwa miaka sita Mghoi alikuwa ameisikia hofu ile, ikipanda kama maji baridi kwenye uti wa mgongo, na hakuwahi kuisikia ikiwa na jina. Waamuzi wote walikuwa wanasikiliza.

"Nini kinakuogopesha?"

"Kushoto kuna korongo. Na mgongoni hamna mtu."

Aliutoa mkono kwenye kisu. "Nipo redioni," alisema.

"Basi endelea kusema, nijue."

Mghoi, ambaye shuleni alikuwa akiumwa tumbo siku ya kusoma mbele ya darasa, akaanza kusema. Alimwambia ashike kulia, aache nafasi, asiliharakishe gari. Maneno ya gari yalipokwisha, akasema mengine. Alisema kuhusu ukungu wa Wundanyi unaoingia mpaka ndani ya nyumba na kukaa kama mgeni. Alisema kuhusu kabichi za mama yake, na ng'ombe wao aliyezoea kuzila akiwa amefumba macho, kama vile asipoona hataonekana. Alisikia mtu akicheka kwenye redio, na hakuwa Elema. Hakujali. Chini ya sauti yake mwenyewe aliisikiliza ile pumzi ikirefuka, ikishuka tumboni, ikikaa.

"Nimelipita," Elema alisema. "Huyo ng'ombe, je?"

"Tulimuuza kwa mwalimu mkuu. Kaza kulia, kuna vichwa mbele yako."

"Umejuaje?"

"Zimekwisha karanga."

*

Walimaliza wa pili. Vumbi la gari jekundu lilikuwa bado halijatua kwenye bendera wakati la kwao lilipotokea, dogo, likikua, na Otsieno akapiga sufuria kwa spana kana kwamba wameshinda.

Redio ikakwaruza. "Fundi," Elema alisema. "Nina nini mdomoni?"

"Sina uzi, kaka."

"Bahatisha."

Mghoi alifumba macho kwa mazoea, kisha akayafumbua. "Huna kitu," alisema. "Maji uliyamaliza kwenye korongo. Ulimi umekugandia juu, na ile buni uliyobakiza hukuila, sikukusikia ukitafuna. Unayo mfukoni."

Gari likavuka mstari.

"Nani amekuambia?"

"Wewe. Njia nzima."

Elema alipotoka garini alitembea moja kwa moja mpaka mezani, vumbi limemjaa kope, ngumi imefungwa. Hakusema kitu kuhusu uzi wala hospitali. Gari la kumpeleka Mghoi Marsabit lilikuwa limeshawashwa nyuma ya hema, na wote wawili walilisikia. Mghoi alinyoosha mkono wa kushoto. Elema akaiweka buni kwenye kiganja, chini ya kidole gumba.

"Hapa unasikia?" aliuliza. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumuuliza.

"Nasikia."

Akaisukuma kidogo kwa ncha ya kidole. "Na hapa?"

"Hapo pia."

Akaivusha mpaka ukingoni, chini ya kidole kidogo. "Hapa je?"

Mghoi aliitazama ile punje nyeusi inayong'aa samli, mahali ambapo macho yake peke yake ndiyo yaliyomwambia ipo.

"Hapo hapana," alisema. "Hapo utakuwa unaniambia."